Mkokoteni mzito na mwepesi, upi unasimama haraka mteremkoni? Nimebishana na mpwa wangu

HamaliWaMwembeTayari

Salaam aleikum jamani. Kazi yangu ni mkokoteni, huu mwaka wa 19. Napakia Mwembe Tayari na Marikiti hapa Mombasa, nashusha popote mwenye mali atakapo, na mara tatu nne kwa wiki navuka Likoni kwa feri. Shule niliachia darasa la saba, kwa hivyo atakayenijibu asinirushie herufi tupu. Anieleze kwa mkokoteni.

Kisa ni hiki. Wiki iliyopita, alfajiri, manyunyu yamepita sasa hivi, nilikuwa na magunia manane ya sukari, ya kilo 50 kila moja, naelekea feri. Kwenye ule mteremko wa kushukia nikafanya kama nifanyavyo siku zote: nikainua mipini, mkia ukagusa chini, kile kipande cha tairi nilichopigilia nyuma kikaanza kusugua lami. Kwa asiyejua, breki ya mkokoteni ndiyo hiyo, hakuna nyingine. Siku hiyo kipande kikasugua, kikalia, na mkokoteni ukazidi kunisukuma kama ng'ombe aliyenusa maji. Akala zangu nazo zateleza. Naangalia mbele, feri ishashusha mlango, watu wanamiminika na watoto na vikapu. Nikasema bora nigonge chuma. Nikaupinda, ukaingia kwenye tuktuk iliyoegeshwa. Taa ya nyuma, shilingi 1,500. Gunia moja lilipasuka, na sukari yake nikailipa vilevile.

Sasa mpwa wangu yuko kidato cha tatu. Usiku namsimulia, yeye akachukua kalamu. "Mjomba, mzigo haubadilishi kitu. Ukiwa mzito unakandamiza barabara zaidi, na msuguano unakuwa mkubwa zaidi. Vinafutana. Mzito na mwepesi vinasimama umbali mmoja." Akanionyesha na daftari, hesabu imetoka safi, mwalimu wake kaitia alama ya sahihi.

Mimi sina daftari lakini nina magoti. Magunia matatu nasimama nitakapo. Manane naanza kusoma dua tangu juu. Karatasi haina sababu ya kusema uongo, na magoti yangu pia hayana. Nani kakosea?

Na swali dogo la pili. Baada ya ajali nimebadilisha kile kipande cha tairi. Kilikuwa upana wa kiganja kimoja, sasa ni viganja viwili. Sioni tofauti yoyote. Kwa nini?

Kinyozi_Majengo

Pole sana yakhe. Hii mbona rahisi, kizito siku zote hushuka haraka. Chukua jiwe na unyoya, viachie kutoka ghorofani uone kipi kitatangulia. Mpwa wako arudishiwe karo.

BiMstaafu_Tudor

Kinyozi, unyoya unacheleweshwa na hewa, si na wepesi wake. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 alisimama mwezini, ambako hakuna hewa, akaachia nyundo na unyoya kwa pamoja. Vilifika chini pamoja. Kama mwezi ni mbali, chukua mitungi miwili ya lita 20, mmoja uujaze na mwingine uutie nusu, uidondoshe pamoja kutoka kimo cha meza. Sikiliza vishindo. Utasikia kimoja. Ufanyie mchangani, mitungi ni pesa.

Kaka Hamali, nimefundisha fizikia miaka 31 na swali lako limenifurahisha kuliko mengi niliyoulizwa darasani. Wewe hukukosea. Hesabu ya kijana nayo haikukosea, ila ameipeleka mahali pasipo pake. Kabla sijaeleza nahitaji vipimo viwili kutoka kwako: kutoka ekseli hadi pale unaposhika mipini ni futi ngapi? Na kutoka ekseli hadi kile kipande cha tairi cha mkiani?

HamaliWaMwembeTayari

Nimepima kwa tepu ya fundi seremala hapa jirani. Mbele futi 6. Nyuma futi 4, labda pungufu kidogo. Mkokoteni wenyewe mtupu tunaukadiria kilo 100, maana ekseli ni ya gari na mbao ni za kale.

BiMstaafu_Tudor

Ahsante. Sasa keti.

Kwenye gari lenye breki magurudumu yote, uzito wote wa gari ndio unaokandamiza mipira kwenye lami. Ongeza mzigo mara mbili, mkandamizo mara mbili, msuguano mara mbili. Na kitu cha kusimamishwa nacho kimekuwa mara mbili. Hapo vinafutana kweli, na alama ya sahihi aliyopewa kijana ni halali yake. Lakini kuna swali hakuuliza: kwenye mkokoteni, breki inakandamizwa na nani?

Magunia yako yamekaa juu ya ekseli. Uzito wake unateremka kupitia yale magurudumu mawili, na hayo hayana breki, yanaviringika tu. Mkia unakandamizwa na wewe. Unapoinua mipini, mkokoteni unageuka wenzo, kama ule ubao wa watoto wa kupanda na kushuka, na ekseli ndiyo egemeo. Upande wako futi 6, upande wa mkia futi 4. Ukiinua kwa nguvu ya mtu anayenyanyua kilo 40, mkia unakandamiza chini kwa kilo 60. Uwe na magunia matatu, manane, au mkokoteni mtupu, ni zilezile 60. Zinatoka mgongoni mwako, hazitoki kwenye sukari.

Hizo kilo 60 za mkandamizo ni nguvu ambayo vitabu vinaiita kani na kuipima kwa nyutoni: ni karibu nyutoni 600. Mpira juu ya lami kavu hushika kwa takriban saba ya kumi ya mkandamizo. Basi kani yako ya kuzuia ni nyutoni 420. Hiyo ndiyo mali yako yote ya breki, na sasa inabidi igawanywe kwa kile unachokisimamisha.

Mpe kijana kalamu ahakikishe. Unakimbia polepole, mita 3 kwa sekunde, barabara tambarare:

Mzigo na mkokoteni kilo 200: unasimama baada ya mita 2 na kidogo.
Kilo 500: mita 5 na zaidi.

Breki ileile, mgongo uleule. Nimeacha pembeni ule upinzani mdogo wa magurudumu yenyewe kuviringika, unasaidia kidogo tu.

Kinachokushinda hapo si uzito, ni masi. Watu huvichanganya kwa sababu vyote tunavitaja kwa kilo. Uzito ni dunia kuvuta sukari kwenda chini, na huo umebebwa na magurudumu. Masi ni ukaidi wa sukari yenyewe: ikiwa imetulia haitaki kuondoka, ikiwa inakwenda haitaki kusimama. Newton aliliandika hilo mwaka 1687 na hakuna aliyelitangua kwa mambo ya barabarani. Ungeupeleka mkokoteni wako mwezini, uzito ungebaki sehemu moja ya sita, lakini ukiwa tayari mwendoni ungekuwa mkaidi vilevile kuusimamisha. Bora Likoni.

Hiyo ilikuwa tambarare. Mteremkoni sehemu ya uzito inageuka na kuanza kukusukuma mbele, na hapo ndipo hesabu inapokuwa chungu. Ningependa kujua ule mteremko una ukali gani. Kijana ana pimamaji?

Kuhusu upana wa tairi. Mfaransa Guillaume Amontons alieleza jambo hili mwaka 1699, na Mfaransa mwenzake Coulomb akalichunguza kwa undani mwaka 1785: msuguano unafuata mkandamizo, haufuati ukubwa wa eneo linalogusana. Kilo 60 ukizitandaza kwenye viganja viwili, kila kiganja kinapata 30. Ukizikusanya kwenye kimoja, kinapata 60. Jumla haikubadilika. Mpira si mtiifu kabisa kwa kanuni hii, lakini kwa kazi yako tofauti ni ndogo. Ulichopata kwa upana ni kipande kitakachochelewa kuisha.

Dereva_wa_Masafa

Mwalimu amenena. Mimi naendesha trela, Kilindini hadi Malaba, na naomba niongeze kitu kwa huyo kijana asije akadhani daftari lake linatutosha sisi wa lori. Trela tupu mara nyingi linasimama vibaya kuliko lenye mzigo. Breki zake zimetengenezewa mzigo, sasa lishushe kontena uone: ukikanyaga, magurudumu yanajifunga, yanaruka, yanaburuzika. Watu wanaona ajabu.

Halafu mteremko mrefu ni habari nyingine. Ukishika breki kilomita nzima na tani ishirini na kitu mgongoni, zinapata moto, unasikia harufu, kisha mguu unakwenda chini na hakuna kitu. Mwendo wote ule umegeuka joto na joto halina pa kwenda. Unateremka na gia ndogo, injini ndiyo izuie. Nimeona wenzangu waliosahau. Sitasimulia.

HamaliWaMwembeTayari

Mwalimu, Mwenyezi Mungu akuweke. Nimesoma mara tatu, mara ya pili kwa sauti hapa kijiweni, na watu wameacha kahawa ikapoa.

Leo saa nane mchana tulikwenda na mpwa. Amebeba pimamaji ya seremala na ubao wa mita 2. Tumelaza ubao kwenye mteremko, tukainua upande wa chini mpaka kile kipovu kikakaa katikati, tukapima uwazi kwa rula. Sentimita 12. Askari mmoja akatujia akauliza kama tumetumwa na serikali. Mpwa akamjibu tunapima mvutano wa dunia. Nilidhani tutalala ndani.

Na nimefanya langu mwenyewe pia. Nimeazima mizani ya ndoano kwa muuza samaki, ile ya kuning'iniza, nikaifunga mbele ya mkokoteni kwa kamba, nikavuta magunia manane barabara tambarare. Nikiondoka mshale unaruka hadi kilo 25. Ukishatembea unashuka, unasimama kwenye 10 hivi. Sasa mimi hilo nilikuwa nalijua kwa mabega tangu zamani, kwamba kuanza ndiyo kazi. Lakini kuliona kwenye mizani ya changu na tafi ni jambo jingine. Kwa nini liwe hivyo, wakati magunia ni yaleyale na barabara ni ileile?

BiMstaafu_Tudor

Kaka, umefanya jaribio ambalo baadhi ya shule hazilifanyi kwa kukosa mizani, na Mombasa kila muuza samaki anayo.

Kumi ndiyo upinzani tu: tairi kujikunja chini ya mzigo na kurudi, beringi, vumbi. Ukitembea kwa mwendo usiobadilika, unalipa hiyo peke yake. Kuanza unalipa hiyo pamoja na ile masi kaidi, kwa sababu kutoka kusimama hadi kutembea ni lazima kasi iongezeke, na kila ongezeko la kasi lina bei. Zile 15 za juu, karibu nyutoni 150, ukizigawa kwa kilo 500 unapata ongezeko la 0.3, yaani kila sekunde kasi inazidi kwa sentimita 30 kwa sekunde. Ndani ya sekunde tatu nne unatembea mwendo wa kawaida. Vitabu vinaita mchapuko. Ukianza polepole zaidi mshale hautafika 25, jaribu. Wavutaji wanaojirusha kuanza kwa kishindo wanajiumiza mgongo bure.

Na hakikisha upepo wa tairi. Tairi iliyolegea itakupandishia ile 10.

Sasa sentimita 12 kwa mita 2, yaani 6 kwa kila 100. Kilo 500 zinakusukuma chini kwa nyutoni 294. Lami ikiwa kavu unazuia 420. Ukiacha ule upinzani wa magurudumu, zinabaki 126 za kufanyia kazi ya kusimamisha, na kwa kasi ileile ya mita 3 kwa sekunde utahitaji karibu mita 18. Magunia mawili tu, jumla kilo 200: mita 3 hazifiki.

Lakini wewe ulisema manyunyu yalikuwa yamepita. Mpira kwenye lami iliyolowa unaweza kushuka hadi nne ya kumi. Breki yako ikawa nyutoni 240. Unasukumwa 294, unazuia 240. Ule upinzani wa magurudumu uliopima mwenyewe, kilo 10, unakuongezea 98, basi unashinda kwa nyutoni 44. Mkokoteni wa kilo 500 kwa nyutoni 44 unasimama baada ya mita 50. Feri ingekuwa imeshaondoka, na wewe ndani ya maji mahali ilipokuwa.

Hapo nimechukulia kwamba akala zako zilikuwa zinashika. Umesema hazikushika, kwa hivyo hata hizo kilo 40 za kuinua sidhani ulizipata. Mtu anayeteleza hainui.

Ile tuktuk ilikuwa uamuzi sahihi.

Kinyozi_Majengo

Nafuta maneno yangu kuhusu karo. Mitungi pia nimejaribu, kishindo kimoja. Mke wangu anauliza nini kimenipata.

Kuli_Kongowea

Sisi huku Kongowea hatukusoma nyutoni lakini mbinu tunayo. Kabla ya mteremko unasogeza mzigo nyuma ya ekseli vidole vinne vitano. Mkia unataka kushuka wenyewe, wewe unaining'inia mipini ili usishuke. Ukitaka breki huinui, unaachia tu. Mlimani unasogeza mbele. Na kizito siku zote chini, usirundike magunia kama ghorofa. Huyo ndugu alipakia vipi?

HamaliWaMwembeTayari

Nilipakia katikati kabisa, na mawili nikayaweka juu ya mengine. Mbinu hiyo ya kusogeza naijua, wazee walitufundisha. Siku hiyo mwenye mali alikuwa ananiharakisha, kila dakika simu, nikasema twende hivyohivyo.

BiMstaafu_Tudor

Kuli wa Kongowea, hiyo mbinu nitaipigia hesabu maana inastahili. Magunia manane, kilo 400, ukiyarudisha nyuma sentimita 10, mkia unaongezewa mkandamizo wa kilo 33 bila mgongo wa mtu. Ukijumlisha na 60 za kuinua, ni 93. Kwenye lami kavu breki inatoka nyutoni 420 hadi karibu 640. Sasa angalau sehemu ya sukari inajisimamisha yenyewe, na hapo ndipo daftari la kijana linaanza kusema kweli kwa mkokoteni pia: kadiri unavyoongeza magunia nyuma ya ekseli, ndivyo breki inavyoongezeka.

Na yale mawili ya juu: mteremkoni mkokoteni umeinama mbele, kwa hivyo kilicho juu kinaegemea mbele ya ekseli. Kikikaa sentimita 80 juu yake, kwenye mteremko huo uzito wake unasogea mbele karibu sentimita 5. Ulikuwa unapambana nayo hayo pia, mikononi, bila kujua.

HamaliWaMwembeTayari

Leo nimevuka na sita. Mawili yaliyobaki nimeyarudia adhuhuri, na mwenye mali amelalamika kwamba nimemlipisha safari mbili. Nikampa simu asome huu uzi. Amesoma hadi pale pa tuktuk akanirudishia, akalipa.

Mkia nimeurudishia kipande cha kiganja kimoja, kile kipana nimekiweka akiba. Akala nimekata mpya, kutoka tairi ambayo bado ina meno. Mpwa anasema hesabu ya sita itoke leo usiku na nimlipe, kwa sababu yeye ndiye aliyeshika pimamaji mbele ya askari. Nimempa hamsini. Anataka mia.